MBUNGE WA MSASANI NA LANGO LA KAMBI



Mabarazani kwetu, khasa saa za alasiri kahawa inapozunguka, limezuka swali ambalo kila mtu analijibu kwa sauti kubwa: mbunge aliyewatumikia watu wake ni yupi? Mmoja atasema ni yule aliyeleta mabati ya skuli. Wa pili atamtaja aliyechimba kisima. Wa tatu atamkumbuka aliyekuja mazikoni akaacha bahasha. Akitajwa mbunge aliyekaa Dodoma akiuliza maswali, basi mtajaji huulizwa: "Maswali yanaliwa?" Watu hucheka, na mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Mimi nasema maswali yanaliwa. Wako raia wa nchi hii waliokuwa majumbani mwao, hawana silaha wala hawana ugomvi na mtu, wakafikiwa na mabomu ya jeshi lao wenyewe, na hadi leo najiuliza ni nani aliyepaswa kuuliza mapema. Sitaanza kwa mfano wa Unguja wala wa Pemba, maana tukisema ya kwetu huambiwa kuwa kulia ndiyo desturi yetu. Nitavuka bahari niende Dar es Salaam, katika jimbo la Kawe, ambalo Msasani imo ndani yake.

Msasani ni mahali ambapo wengi wetu tuna jamaa. Ina nyuso mbili. Upande wa rasi, huko Masaki na Oysterbay, wanakaa mabalozi na wenye mali. Upande wa kijiji wanakaa wavuvi, na yapo makaburi ya kale ya mawe yanayoshuhudia kuwa watu waliishi na kuzikana hapo kabla Sayyid Majid hajaanza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Mwalimu Nyerere naye alijenga nyumba yake Msasani. Ukiuacha ufuo huo ukaelekea kaskazini unapita Mikocheni, Kawe, Mbezi na Kunduchi, hata ufike Mbweni na Bunju. Njia nzima bahari iko mkono wa kulia, na kwa sehemu kubwa ya njia hiyo huko mbali na Jeshi. Iko kambi ya Lugalo kando ya barabara ya Bagamoyo, pamoja na Spitali Kuu ya Jeshi. Iko Makongo, ambako skuli ya sekondari inayojulikana nchi nzima kwa michezo ni mali ya Jeshi. Iko Kunduchi, ambako Chuo cha Taifa cha Ulinzi kilifunguliwa 2012. Jimbo hili ni la wavuvi na la wanajeshi, na kati yao wamesongamana maelfu ya watu ambao si hawa wala si wale.

Historia ya kambi ile inatuhusu sisi wa visiwani kuliko tunavyodhani. Enzi za Mwingereza ikiitwa Colito, kwa jina la mahali huko Ethiopia ambapo askari wa Kiafrika wa King's African Rifles walipigana vita vya 1941. Tarehe 20 Januari 1964, siku nane tu baada ya Mapinduzi ya kwetu, askari wa Colito waliasi. Walitaka mishahara bora na walitaka maofisa Waafrika mahali pa Waingereza. Serikali ya Tanganyika, iliyokuwa imejitawala kwa miaka miwili na kitu, ikawaomba Waingereza wale wale waje kuwanyang'anya silaha; makomando wakashuka kwa helikopta tarehe 25 Januari. Jeshi lote likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na kambi ikapewa jina la Lugalo, mahali ambapo watu wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Mjerumani Zelewski tarehe 17 Agosti 1891.

Jina la jeshi jipya lilichaguliwa kwa makusudi: Jeshi la Wananchi. Lakini jina ni kitu kimoja na uhusiano ni kitu chingine. Kwa miaka mingi baada ya hapo Jeshi lilikuwa na matawi ya chama tawala ndani yake, na kambi zikahesabiwa kuwa kama mkoa wa chama. Hayo yaliondolewa 1992 vyama vingi viliporudi, na Katiba sasa, katika ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Kura yake hakunyang'anywa. Yeye ni mpiga kura wa jimbo analokaa, na mbunge wa jimbo hilo ni mbunge wake.

Naomba jambo hili lishikwe vizuri. Watu hudhani kuwa mbunge wa jimbo lenye kambi anawatumikia raia walio nje ya ukuta, na walio ndani wana wakubwa wao. Si kweli. Mke wa askari anayepika maandazi alfajiri ili auze getini ni mwananchi wa jimbo. Askari mstaafu anayesubiri haki zake ni mwananchi wa jimbo. Mtoto wa koplo anayekaa chini darasani ni mtoto wa jimbo. Khitilafu ni moja tu, nayo ni kwamba askari mwenyewe hawezi kusimama hadharani akalalamika. Amri za kazi yake hazimruhusu. Basi ikiwa raia wa kawaida anamhitaji mbunge mara moja, huyu anamhitaji mara mbili.

Nilipokwenda Msasani kumtazama ami yangu, mvuvi ambaye sasa magoti hayamruhusu kuingia majini, alinipeleka ufuoni akanionyesha alipokuwa akipandisha chombo chake zamani. Pamejengwa ukuta. Mwenye ukuta hakumjua, wala hakutaka kumjua, na mlinzi alitutazama kama watu waliopotea njia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Ami yangu hakuwahi kuisikia sheria hiyo. Alichojua ni kuwa njia ya kufikia maji imekuwa nyembamba mwaka hadi mwaka, na kwamba alipopeleka malalamiko yake katika afisi moja, hakurudishiwa hata kipande cha karatasi.

Alisema neno ambalo nimerudi nalo. Ukuta wa tajiri, alisema, mtu unaweza kuusema vibaya ukiwa umekaa chini ya mnazi. Ukuta wa kambi husemi kitu, unaupita tu. Hakusema kwa chuki. Mkewe aliwahi kutibiwa katika Spitali ya Lugalo, ambayo hupokea raia pamoja na askari, na aliwasifu madaktari wake. Alikuwa akieleza tu hali ilivyo: sote tumefunzwa tangu utotoni kuwa mwenye nguvu mpishe.

Na hapa ndipo kazi ya mbunge inapoanza. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia Serikali, na njia ya kwanza inayotajwa hapo ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Haikusema Waziri yeyote isipokuwa wa Ulinzi. Mvuvi hawezi kwenda langoni Lugalo akamwuliza mlinzi mpaka wa kambi unapita wapi au ndani mmewekwa nini. Atafukuzwa, na mlinzi atakuwa ametimiza kazi yake. Mbunge anaweza kuuliza hayo mbele ya nchi nzima, na Waziri akalazimika kusimama.

Wenye kudhani kuwa haya ni maneno ya vitabuni na wakumbuke Mbagala. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha katika kambi ya Jeshi ya Mbagala, wilaya ya Temeke, yaliripuka. Watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba zikabomoka, watoto wakapotezana na wazazi wao. Ikasemwa kuwa watu wamejenga karibu mno na kambi. Labda. Lakini ni dola hiyo hiyo iliyowapelekea umeme, ikawajengea skuli na ikawaandikisha kupiga kura hapo hapo. Yakafuata malalamiko ya fidia, mtu aliyepoteza nyumba akidai kuwa alichopewa hakikutosha kununua mlango.

Wakati ule lilikuwapo swali moja lililostahili kuulizwa kila siku Bunge linapokaa, mpaka lipate jibu: maghala mengine yaliyo katikati ya watu yako katika hali gani? Haikutimia miaka miwili. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 yakaripuka ya Gongo la Mboto, katika wilaya ya Ilala. Watu zaidi ya 20 wakafa tena, na maelfu wakakesha katika Uwanja wa Uhuru wakiwa na nguo walizovaa. Wala msiba wa namna hii si wetu peke yetu. Machi 2012 ghala la silaha la Mpila katika mji wa Brazzaville liliua watu zaidi ya 200. Hata hivyo, wenzetu wa Brazzaville walipigwa mara moja. Sisi tulipigwa, tukaonywa, tukapigwa tena.

Waziri wa Ulinzi katika siku za Mbagala na katika siku za Gongo la Mboto alikuwa mmoja: Dkt. Hussein Ali Mwinyi, wakati huo Mbunge wa Kwahani, hapa hapa Unguja, na tangu 2020 Rais wa Zanzibar. Zilitoka sauti za kumtaka ajiuzulu. Hakujiuzulu. Wazee wanakumbuka kuwa 1977 baba yake, marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa ajili ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, ilhali yeye mwenyewe hakumgusa mtu hata mmoja. Kujiuzulu hakukumwua. Mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar na 1985 Rais wa Muungano. Sisemi kuwa mwana aliyawasha mabomu. Nasema kuwa mzee aliona kuwa Waziri hujibu kwa yaliyotokea chini yake, na Bunge la 2011 halikuweza kumlazimisha mwanawe aone vivyo hivyo.

Turudi Kawe, tuwatazame wabunge wake, maana jimbo lile lina mafunzo kwa kila aliye upande wa upinzani na kwa kila asiyekuwapo.

Mwaka 2010 watu wa Kawe walimchagua Bibi Halima Mdee wa CHADEMA, na 2015 wakamchagua tena. Mara mbili, ndugu zangu, jimbo lenye Lugalo ndani yake likaenda kwa upinzani. Basi wale wanaotuambia kuwa penye kambi upinzani usipoteze mafuta ya gari, wapelekewe khabari hii. Bungeni Bibi Mdee alikuwa Waziri Kivuli wa Ardhi, na baada ya 2015 akawa Waziri Kivuli wa Fedha. Kwa jimbo kama Kawe ardhi ndiyo kila kitu. Huko Wazo na Boko, katika mahali panapoitwa Chasimba, watu wengi walikuwa wamejenga katika eneo ambalo mahkama ililihukumu kuwa mali ya kiwanda cha saruji. Kwa sheria walishindwa. Wakabaki na njia moja tu, ya siasa, ya kuisukuma Serikali itafute namna ya kuwapimia viwanja badala ya kuwaletea matingatinga, na mwisho Serikali iliifuata njia hiyo. Wako watakaobishana juu ya nani apewe sifa. Mimi nasema tu kuwa wasingekuwa na watu wa kuwasemea, hukumu ingetekelezwa asubuhi moja na magazeti yangeandika mistari mitatu.

Kusema kwake kulimgharimu. Juni 2017 alisimamishwa Bungeni pamoja na Bibi Ester Bulaya wa Bunda Mjini. Mwezi uliofuata alikamatwa kwa amri ya Mkuu wa Wilaya ya Kinondoni akawekwa mahabusu, kwa maneno aliyodaiwa kumtolea Rais. Aprili 2019 akasimamishwa tena mikutano miwili, kwa kuunga mkono kauli ya Profesa Mussa Assad, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwamba Bunge ni dhaifu. Hebu fikiri: Bunge linaambiwa ni dhaifu, nalo kwa kuonyesha nguvu zake linamwondoa mtu aliyelisema!

Katika kampeni za 2020 marehemu Rais Magufuli aliwaambia watu waziwazi kuwa wakichagua wapinzani wasitarajie maendeleo kutoka kwake. Kiti cha Kawe kikatangazwa kuwa cha Askofu Josephat Gwajima wa chama tawala, katika uchaguzi ambao upinzani uliukataa. Askofu alikuwa amekuja na ahadi nyingi, na mashuhuri kupita zote ni ile ya kuwapeleka watu wa Kawe hadi Birmingham, Marekani. Watu walicheka sana. Mimi sikucheka sana, kwa sababu ahadi ile ilikuwa imekifahamu kitu. Kijana wa Kunduchi asiye na kazi hakumbuki lini mtu alimwahidi jambo lolote kubwa.

Haukupita mwaka, naye akaingia katika msukosuko. Agosti 2021 Bunge lilimsimamisha mikutano miwili, pamoja na Bwana Jerry Silaa wa Ukonga. Kosa la Askofu lilihusu maneno yake ya mimbarini dhidi ya chanjo ya korona. Juu ya chanjo sikubaliani naye hata kidogo. Lakini Mei 2025 alifanya jambo ambalo wengi wa chama chake hawakuthubutu: alisimama akalaani utekaji wa watu. Jina lake likageuzwa kitenzi cha kejeli katika mkutano wa chama chake mwenyewe, na tarehe 2 Juni 2025 kanisa lake likafutiwa usajili.

Basi tazameni jinsi mambo yalivyokwenda. Katika miaka 15 jimbo la Kawe lilikuwa na wabunge wawili, mmoja wa upinzani na mmoja wa chama tawala, na wote wawili walitolewa Bungeni kwa vipindi kwa sababu ya ndimi zao. Siku mbunge anaposimamishwa, mshahara unaokatwa ni wake, lakini kinywa kilichofungwa si chake. Ni cha ami yangu wa Msasani, na cha mke wa askari wa Lugalo. Hakuna kanuni inayosema kuwa wakati huo mtu mwingine atauliza maswali ya Kawe, na haya hayajadiliwi mabarazani kwa sababu hayana mabati.

Wala sisemi haya kwa kumsafisha mtu. Novemba 2020, baada ya kukosa kiti cha jimbo, Bibi Mdee aliapishwa pamoja na wenzake 18 kuwa wabunge wa viti maalumu. Chama chake kikasema hakikuwateua, kikawafukuza, na wao wakabaki Bungeni. Watu waliomwona akiburutwa na polisi kwa ajili yao walivunjika moyo, na wana haki ya kuvunjika. Utumishi wa miaka 10 haufutiki kwa siku moja. Lakini ile siku moja nayo haifutiki.

Sasa nije kwenye mabati. Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya 2009 inamweka mbunge kuwa mwenyekiti wa kamati inayogawa fedha za mfuko huo. Watu wanaona dawati lina jina la mbunge, wanashukuru. Hawaulizi kwa nini mtu aliyetumwa kuikagua Serikali amepewa ufunguo wa kijisanduku na Serikali hiyo hiyo. Dawati ni la wananchi tangu mwanzo, limenunuliwa kwa kodi ya sukari na mafuta ya taa wanayonunua wao. Mbunge akilitoa kama sadaka yake, hapo tayari amekwisha kuwadhulumu. Na akizoea kushukuriwa kwa madawati, basi siku ya kumkabili Waziri wa Ulinzi atakuwa na shughuli nyingine.

Nilisema sitaanza kwetu. Nadhani sasa naweza kufikia kwetu.

Katika orodha ya mambo ya Muungano, Ulinzi na Usalama ni jambo la tatu. Lilikuwamo tangu 1964, orodha ilipokuwa na mambo 11, na limo leo yakiwa 22. Maana yake ni kwamba Mwakilishi wako anayekaa Chukwani anaweza kuuliza juu ya KMKM na juu ya JKU, kwa kuwa hivyo ni vikosi vya Serikali ya Zanzibar. Kambi ya JWTZ iliyo ng'ambo ya konde lako si yake kuiuliza. Hiyo ni ya mbunge unayempeleka Dodoma. Na sisi Dodoma tumezoea kupeleka mtu wa pili: akishapatikana hodari wa kugombea uwakilishi, aliyebaki hupewa ubunge, kama kwamba ni kiti cha kupumzikia. Kosa hili ni letu wenyewe. Hakuna wa kumsingizia.

Iko na tofauti nyingine, nayo inauma zaidi. Katika uchaguzi wa Muungano askari wa Lugalo hupiga kura siku moja na mvuvi wa Msasani. Kura zao huchanganyika sandukuni, na aliye nje ya ukuta akajua kuwa aliye ndani ni mpiga kura kama yeye. Hapa kwetu Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar ya 2018 ilileta kura ya mapema, ambapo watendaji wa uchaguzi na watu wa vyombo vya ulinzi na usalama hupiga kura siku moja kabla ya raia wengine. Tarehe 27 Oktoba 2020 marehemu Maalim Seif Sharif Hamad alikwenda kituoni Garagara siku hiyo ya mapema, akakamatwa. Mwaka 2025 kura ya mapema ikarudi tena, tarehe 28 Oktoba. Sheria inawatenga askari na raia katika tendo moja walilobaki kulifanya kwa pamoja, kisha tunashangaa kuwa hawaaminiani.

Siku iliyofuata, tarehe 29 Oktoba 2025, Dar es Salaam ilichafuka. Askari wa JWTZ wakaonekana mitaani, na amri ya kutotoka usiku ikatangazwa. Kambi zilizokuwa nyuma ya kuta zikatoka nje ya kuta. Bunge lililotokana na uchaguzi huo, ambao CHADEMA ilikuwa imefungiwa kushiriki, karibu lote ni la upande mmoja. Katika Bunge la namna hiyo mbunge mmoja wa visiwani anayejua kuuliza ana thamani kuliko alivyopata kuwa nayo siku yoyote, si kwetu tu, bali hata kwa watu wa Msasani ambao hawakumpigia kura.

Kwa hiyo tuache kuwangojea wabunge wetu waje na bahasha, tuwatume. Swali la kambi haliulizwi kwa matusi wala kwa siri za ulinzi. Hakuna mwanachama mwenye akili anayetaka kujua bunduki ziko ngapi. Tunataka kujua mpaka wa kambi unapita wapi na ulipimwa lini, na mwenye mikarafuu au minazi iliyobaki ndani alilipwa nini. Tunataka kujua kama zana za miripuko zimewekwa karibu na makaazi, na kama iko njia ya kuwatoa watu haraka likitokea la Mbagala. Tunataka wavuvi waelezwe kwa maandishi ni wapi hawaruhusiwi kupita, ili mtu asijue kwa kupigwa. Na mstaafu wa Jeshi aliyerudi shehiani kwake naye aulizwe analodai, maana mara nyingi hakuna aliyewahi kumwuliza.

Kila tawi lililo jirani na kambi liandike maswali yake kabla ya mkutano ujao wa Bunge. Jina la shehia liwepo, tarehe za matukio ziwepo, na kila lisilo na shahidi liachwe. Barua apelekewe mbunge mkononi, atie saini ya kuipokea, na nakala moja ibaki tawini.